Milango Mipana ya Mama Risiti

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Risiti. Jina hilo alibandikwa na Mama Pacha, mfua nguo aliyekwenda siku moja kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu kudai nauli aliyoitumia kumpeleka mwanawe hospitali, akaambiwa alete risiti.

"Risiti ya pikipiki?" Mama Pacha aliuliza, mikono kiunoni. "Yule kijana hata breki hana, risiti ataitoa wapi? Au nimwambie anisainie mgongoni?"

Waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Nyuma ya meza ya mhasibu, Mama Risiti alihisi masikio yanawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini nauli hakutoa. Jioni alimfuata Mama Pacha nje ya geti, akamtolea hela ile kutoka kwenye pochi yake mwenyewe na kumwomba asimwambie mtu. Mama Pacha alimwambia kila mtu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Mama Risiti kabla hajawa kiongozi wa yeyote.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye kiwanda cha magodoro. Alikaa miaka mingi katika chumba chenye dirisha dogo kama bahasha, akijumlisha na kutoa, na hakuna aliyemsumbua. Alikipenda chumba kile. Alipenda ile dakika ambapo safu ya kushoto na safu ya kulia zinafika chini zikiwa sawa, naye anapiga mstari wa mwisho kwa rula. Mhasibu mkuu, mzee mmoja mwenye kikohozi, alimfundisha jambo moja ambalo hakulisahau: mkaguzi akija, usingoje aombe. Mfungulie kila kabati. Mwonyeshe kila droo, hata ile yenye vijiko vya chai. Ukimficha droo moja, ataanza kuzishuku zote. Miaka yote ile wakaguzi walipofika, yeye ndiye aliyewatembeza, na kila mara waliondoka wakimshika mkono.

Kiwanda kilipouzwa, wenye kiwanda wapya walikuja na wahasibu wao. Ndipo aliposikia kwamba kituo cha watoto wenye ulemavu kinatafuta mtu wa hesabu. Mshahara ulikuwa nusu ya ule wa zamani. Mumewe, dereva wa lori, alipoambiwa aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo unatoka kwenye mshahara," alisema, "unakwenda kwenye asante."

"Ni kwa muda tu."

"Haya. Tutakula asante kwa muda."

Kituo kilikuwa nyumba moja kongwe yenye vyumba vitano na ua. Kilianzishwa na Mwalimu, mama mstaafu aliyefiwa na binti yake wa pekee, binti ambaye miguu na mikono yake haikuwahi kumtii tangu azaliwe. Mwalimu alijua kwamba mzazi wa mtoto wa namna hiyo akitaka kwenda kazini, huwa hana pa kumwacha isipokuwa ndani, mlango ukifungwa kwa nje. Basi alianzisha mahali pa kuwaacha. Asubuhi wazazi wanawaleta, wengine mgongoni, wengine kwenye viti vya magurudumu, na jioni wanakuja kuwachukua. Hapakuwa na jambo kubwa zaidi ya hilo, na hilo lilitosha. Mama Pacha alikuwa na mapacha. Mmoja alikwenda shule kwa miguu yake, mwingine alikuja kituoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa mali ya Mzee mmoja aliyeishi upande wa pili wa mji. Mwalimu alimfundishia wanawe, na alipomweleza shida yake, Mzee alimpa funguo palepale barazani. "Kaeni tu," alisema. "Msiniletee makaratasi, macho yangu hayaoni tena."

Mhasibu mpya aliposikia habari hiyo alishtuka.

"Mwalimu, hatuna karatasi yoyote ya nyumba?"

"Mwanangu," Mwalimu alimjibu, "utamdai mtu risiti ya wema wake?"

Mhasibu akarudi kwenye vitabu vyake. Hakuwa mtu wa kubishana, hasa na mkubwa wake.

Mwaka wa tatu Mwalimu alipigwa na kiharusi. Alipona nusu: mkono wa kushoto na macho. Maneno hayakurudi. Kamati ya kituo, watu watatu wenye shughuli zao, ilikutana kwa haraka. Mmoja alisema ana safari. Wa pili alisema ana presha. Wa tatu alimgeukia mhasibu aliyekuwa pembeni akiandika mambo ya kikao, akasema, "Si yupo huyu?" Hivyo akawa kaimu mkurugenzi, kwa miezi michache tu. Neno hilo kaimu lilimganda miaka yote iliyofuata. Hakuna aliyekumbuka kuliondoa.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Kikao chake cha kwanza na wazazi alisimama akiwa ameshika karatasi, akawasomea mapato na matumizi kuanzia juu mpaka chini, sauti ikizidi kupotea kila mstari. Alipomaliza, baba mmoja akauliza kwa upole, "Mama, sasa hapo tupige makofi au tusubiri?"

Alicheka na yeye, maana angefanya nini. Lakini kesho yake alijifungia ofisini. Wazazi walipogonga na matatizo yao, kiti kimevunjika, mtoto ana homa, jirani anatukana, aliwaambia waandike. Alidhani ofisi ni ile ile ya kiwandani, ila dirisha limekuwa kubwa.

Kilichomtoa nje ni plasta.

Aliona kituo kinanunua plasta za vidonda nyingi mno. Pakiti kwa pakiti, kila wiki. Mtu wa hesabu akiona hivyo huwa na wazo moja tu, na yeye alikuwa nalo: dada mlezi, yule aliyewaangalia watoto mchana, alikuwa anazibeba kwenda kuuza. Hakusema kitu. Asubuhi moja alichukua kiti, akakiweka kwenye korido nyuma ya pazia, akakaa kama askari wa doria.

Alichokiona ni watoto wanapita. Milango ya nyumba ile ilikuwa myembamba, ya zamani, na viti vya magurudumu vilipenya kwa shida. Kila mtoto aliyejisukuma mwenyewe kupita mlangoni alichubua vidole vyake kwenye fremu, mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Kuingia darasani, kutoka darasani, kwenda msalani, kurudi. Binti mmoja, waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama shavuni, alifika mlangoni, akasimama, akafumba macho, akasukuma. Kisha akaangalia vidole vyake, akavinyonya, akaendelea na safari.

Dada mlezi alilifunua pazia akamkuta mkurugenzi wake amekaa pale analia.

"Mama! Kuna nini?"

"Hii milango," alisema. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Ulisema tuandike," dada alijibu. "Mimi mwandiko wangu mbaya."

Baba yake Kidoti alikuwa fundi ujenzi, mtu mkimya mwenye kofia iliyojaa saruji siku zote. Mama Risiti alimfuata nyumbani kwake jioni ile ile. Hakwenda na karatasi. Alimuuliza mlango ukipanuliwa inakuwaje.

"Unabomoa, unaweka fremu nyingine, unapiga plasta ya ukuta," Fundi alisema. "Kazi si kubwa. Kubwa ni mbao."

"Wewe mwanao anachubuka vidole kila siku."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

Fundi alivua kofia, akaipiga kwenye goti. "Mama, mtu amekusaidia kumlea mwanao bure. Utamwambia mlango wake mbaya?"

Walianza Jumamosi iliyofuata. Mbao walitoa wazazi, kila mmoja alichoweza, na mwenye kutoa jasho alitoa jasho. Mama Pacha alibeba matofali kichwani huku akitukana kila aliyepita bila kubeba. "Wewe baba, hicho kitambi umekileta kitazame au kifanye kazi?" Milango ikapanuka, yote. Siku Kidoti alipopita mlango wa mbele mpya bila kugusa upande wowote, alirudi nyuma akapita tena, akarudi akapita tena, mpaka baba yake akamwambia basi, utaumaliza.

Baada ya hapo hawakusimama. Waliweka sakafu, maana ile ya zamani ilikuwa na mashimo. Wakajenga njia ya mteremko badala ya ngazi, wakavuta maji na kuweka tangi, wakabadilisha nyaya za umeme na kuezeka upya. Mwisho wakatengeneza bafu kubwa lenye vigae na vyuma vya kushikilia. Ilichukua miaka. Kila Jumamosi Mama Risiti alikuwa uani na kanga kiunoni, akipokea misumari na kuigawa moja moja, na watu wakimtania kwamba atadai risiti ya kila msumari. Alikuwa hasomi tena hotuba. Alizungumza. Akajikuta anaitwa penye ugomvi wa ndoa na penye ugomvi wa mpaka, na kwa mkuu wa shule kumwombea mtoto nafasi. Watu walisema, hebu tumuulize Mama Risiti kwanza. Akiwa njiani kwenda sokoni alisimamishwa mara nyingi hata mumewe akasema heri amfuate na lori.

Kisha Mzee mwenye nyumba akafa.

Walikwenda kuzika, kituo kizima. Baada ya siku za matanga kupita, Mama Risiti aliwaambia wenzake kwamba familia ya marehemu inapaswa kushukuriwa. Bafu lilikuwa limekamilika wiki ile. Wamwalike mtoto mkubwa wa marehemu aje kulizindua, awe mgeni rasmi.

"Lazima aje?" Mama Pacha aliuliza. "Si tumtumie salamu?"

"Mtu aliyekupa nyumba hatumiwi salamu. Anaonyeshwa kazi."

Mtoto mkubwa wa Mzee alikuwa mfamasia, mwenye duka la dawa barabara kuu. Alikuja na shati jeupe na maboksi ya biskuti. Hakuwa mtu wa kujikweza. Alimshika Kidoti mkono, akamuuliza anapenda nini, akangoja mpaka mtoto alipofanikiwa kulitoa neno. Wazazi walimpenda palepale.

Naye Mama Risiti alimtembeza. Alimtembeza kama alivyowatembeza wakaguzi wa kiwandani, hakubakiza kitu. Alifungua kila mlango na kila kabati. Alimwonyesha sakafu, akaigonga kwa kisigino ili asikie ilivyo imara. Alimpandisha njia ya mteremko. Alimfungulia bomba la bafuni, maji yakatoka kwa kishindo, watu wakapiga makofi.

"Hapa palikuwa na ufa," alimwambia, "mkono unaingia upande huu unatokea kule."

"Napakumbuka," Mfamasia alisema. "Nilipokuwa mdogo nyumba hii tuliiita banda." Aligonga ukuta kwa vidole, akasogea, akagonga tena. "Maji yanatoka siku zote?"

"Siku zote."

"Na umeme huu?"

"Tulibadilisha nyaya zote. Hata jiko la umeme linawaka."

Yalikuwa maswali mazuri, ya mtu makini, na alikuwa na jibu la kila swali. Mgeni alipoondoka alimshika mkono kwa muda mrefu. Mama Risiti alirudi uani amejaa furaha, anapepea uso kwa upande wa kanga.

"Umeona alivyofurahi?"

"Nimeona alivyogonga ukuta," Mama Pacha alisema. "Kama anachagua tikiti maji."

"Acha hizo."

"Nimeacha."

Mfamasia alirudi baada ya mvua za kwanza. Safari hii alikuja peke yake, akakaa ofisini, akapewa chai, akaizungusha kikombeni bila kuinywa.

"Mama, sijui nianzie wapi," alisema. "Sisi tuko watano. Wadogo zangu wana shida zao. Kwa miaka nyumba hii ilikuwa haina bei. Tulimwambia baba auze kiwanja, hakuna aliyekitaka. Sasa siku ile nilivyorudi nikawasimulia nilichokiona. Niliwasimulia kwa kuwasifu ninyi, Mungu ni shahidi wangu. Mdogo wangu akaja na mtu, wakapita nje wakatazama. Mtu huyo anataka kuifanya nyumba ya wageni. Maji yapo, bafu lipo, barabara iko karibu."

Mama Risiti alisikia kila neno, lakini lilikuwa kama linatoka chumba cha pili.

"Tutalipa kodi," alisema.

Mfamasia akamtajia kodi anayotoa mtu yule. Mama Risiti hakuhitaji kalamu. Ilikuwa zaidi ya kila kitu ambacho kituo kilipata, chakula na mishahara na dawa vikiwa ndani yake.

"Ningekuwa peke yangu ningewaachia," Mfamasia alisema, na alikuwa anasema kweli, macho yake yalikuwa mekundu. "Niko mmoja kati ya watano. Nimewaombea mpaka shule zifungwe. Zaidi ya hapo sikuweza." Alisimama, akashika fremu ya mlango, ile pana. "Mmeitengeneza vizuri mno, mama. Hilo ndilo tatizo."

Kuanzia siku hiyo Mama Risiti akawa kiguu na njia. Alikwenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti, ambaye aliwahi kusuluhishiwa na yeye ugomvi wa shemeji zake, alimkaribisha kiti kizuri na kumsikiliza mpaka mwisho. "Mama, wewe ni mtu wetu," alisema. "Lakini nyumba ni ya wenyewe." Alikwenda kwa mwanasheria aliyesaidia wanyonge bila malipo. Kijana huyo alimuuliza swali moja tu: "Kuna maandishi yoyote?" Akasema hakuna. Kijana akafunga faili ambalo lilikuwa bado tupu. Njiani kurudi, Mama Risiti alilikumbuka jina lake la mtaani, akacheka peke yake, na mtu aliyekuwa anapita akamkwepa.

Aliwapigia wafadhili. Walimsifu sana kwa kazi yake, wakamwambia wao hufadhili shughuli, majengo hapana. Alizunguka akitafuta nyumba nyingine. Za bei yake zilikuwa ghorofani, au ngazi tupu, au wenye nyumba walipoambiwa ni watoto wa namna gani walikumbuka ghafla kwamba imeshachukuliwa. Kila alipokwenda aliheshimiwa. Walimwita mama, walimpa maji ya kunywa, walimsindikiza mpaka nje. Hakuna hata mmoja aliyemfukuza, na kila siku alirudi mikono mitupu.

Alikwenda pia kwa Mwalimu. Alimkuta kitandani karibu na dirisha, amesukwa vizuri. Alikusudia kumwambia. Mwalimu alimshika mkono kwa ule wa kushoto, akamtazama, macho yakiuliza lile lile ambalo yaliuliza kila mara.

"Watoto hawajambo," alisema. "Bafu limekwisha. Ungeona lilivyo."

Mwalimu alimbana vidole. Mama Risiti alikaa mpaka mkono ulipolegea kwa usingizi, ndipo akaondoka.

Siku ya kuwaambia wazazi alisimama uani. Aliwaeleza yote bila kuzunguka: aliyemwalika ni yeye, aliyemtembeza ni yeye, na kila mlango wa mji ameshaugonga. Alipomaliza hakuna aliyeuliza kama wapige makofi.

"Sasa unasemaje, mama?" akauliza baba mmoja kutoka nyuma.

"Sina la kusema."

Hawakumwelewa. Walingoja, kama mtu anavyomngoja mwenzake avute pumzi. Miaka yote alikuwa na la kusema.

"Basi tung'oe milango!" yule baba akapaza sauti. "Mbao ni zetu! Tuwaachie matundu yao!"

"Na vigae!"

"Na tangi! Tangi nililibeba mimi kwa bega hili!"

Watu wakasimama. Mmoja tayari alikuwa ameokota nyundo. Wote wakamgeukia yeye, na aliona kwamba akiitikia kwa kichwa tu, nyumba ile itabomolewa kabla jua halijazama. Kwa muda mfupi alitaka kuitikia. Alitaka kwa roho yake yote.

"Mkiing'oa mtaipeleka wapi?" alisema. "Hebu niambieni. Ni nani hapa ambaye nyumbani kwake mlango huu utaingia?"

Walikuwa watu wa kupanga chumba kimoja kimoja, vyumba vya ubavuni na vya uani kwa watu.

"Mimi ukuta wangu wote wa mbele ni sawa na mlango huo mmoja," Mama Pacha alisema. Alianza kucheka, wenzake wakacheka kidogo pamoja naye, kisha wakaona kwamba hacheki tena, na dada mlezi akaenda kumshika. Aliyeokota nyundo aliiweka chini polepole, asifanye kelele.

Shule zilipofungwa, kituo kikafungwa. Watoto walirudi vyumbani kwao. Viti vya magurudumu havikuingia ndani, vikabaki nje chini ya vibaraza, vimefunikwa magunia. Mama Pacha alipunguza nyumba za kufulia kutoka zote mpaka zile za jirani, ili awe anakimbia kumtazama mwanawe. Mama yake Kidoti aliacha kazi kabisa. Watu waliendelea kumwita Mama Risiti mkurugenzi, wakamsimamisha njiani na kumuuliza habari za nyumba mpya, naye aliwaambia anatafuta. Ilikuwa kweli. Kila asubuhi alitoka kutafuta. Mumewe, ambaye siku hizi hakutania, alimwachia kila mara nauli mezani.

Siku aliyokuwa anafunga vitu vya mwisho vya ofisi kwenye boksi, Fundi aliingia, kofia mkononi. Alisimama karibu na mlango hakukaa.

"Mama, Mfamasia amenifuata," alisema. "Wanataka nyumba igawanywe. Kila chumba kiwe viwili. Na milango ipunguzwe, iwe ya mtu mmoja mmoja, na ule wa mbele wameshanunua geti lake la chuma, jembamba. Amesema wameona nifanye mimi kwa sababu naijua nyumba."

Mama Risiti aliendelea kukunja gazeti.

"Kazi ya muda gani?"

"Mrefu. Na wanalipa."

"Kidoti yuko wapi?"

"Nyumbani. Na mama yake."

Sasa nyumba yao ilikuwa inategemea mikono ya Fundi peke yake.

"Nikatae?" Fundi aliuliza.

"Ukikataa watachukua mwingine."

"Hata mimi nilijiambia hivyo. Ila nilitaka useme wewe."

Mama Risiti alitamani mtu amwambie yeye pia. Alitamani Mwalimu aingie na kanga yake, aseme mwanangu fanya hivi. Aliliangalia boksi.

"Chukua kazi," alisema.

Fundi hakuondoka. Aliipiga kofia kwenye goti, vumbi likatoka. "Nitaanzia vyumba vya nyuma," alisema. "Wa mbele nitauweka mwisho. Labda utakuwa umepata mahali."

"Na nisipopata?"

Fundi alivaa kofia yake, akatoka.

Njia ya kwenda mjini ilipita pale. Kwa hiyo kila asubuhi, akiwa na pochi yake na karatasi za maombi, Mama Risiti aliiona nyumba. Aliona mlango wa darasani umejazwa matofali nusu, kisha wa msalani, kisha wa jikoni. Fundi alifanya kazi polepole kuliko alivyozoeleka. Wenye nyumba walilalamika, akawaambia saruji ya siku hizi haishiki haraka. Alipomwona Mama Risiti akipita alikuwa anasimama na kumtazama usoni, naye alikuwa anatikisa kichwa: bado.

Asubuhi moja alimkuta Fundi kwenye mlango wa mbele. Fremu pana ilikuwa imeshatolewa, imeegemezwa ukutani, na matofali yalikuwa yamepandishwa mpaka kiunoni. Fundi alikuwa ameshika mwiko uliojaa. Alipomwona, mkono wake ukasimama hewani.

Mama Risiti alisimama barabarani. Alikuwa ametoka kwenye nyumba tatu jana, na alikuwa anakwenda kwenye nyingine mbili leo, na alijua tayari zilivyo. Saruji ilianza kudondoka kutoka kwenye mwiko, tone baada ya tone, kwenye kiatu cha Fundi, na Fundi hakuitazama. Alikuwa anangoja.

"Itakauka," Mama Risiti alisema. "Endelea."